Shamba hili unamlimia nani?

Mwaka 2017 bei ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyekuwa Tandahimba, mkoani Mtwara, msimu ule anakumbuka: pikipiki mpya kila njia, malori yanashusha bati, harusi juu ya harusi. Mimi nilikuwa Mtwara mjini na kazi yangu ya mshahara, lakini roho haikutulia. Mvua za Januari 2018 zilipokolea nikarudi kijijini, nikasafisha ekari 5 na kupanda miche 130 na kitu, mita 12 kutoka shimo hadi shimo. Kila niliyekutana naye nikamweleza.

Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ikaleta mvutano minadani, mpaka Novemba Serikali ikatangaza kuwa itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300. Nikakata tamaa. Nikaacha kwenda shambani, majani yakafika kiunoni, miche ikamezwa. Ilinichukua muda mrefu kuona ajabu ya jambo hili: miche yangu ilikuwa haijatimiza hata mwaka, haifiki goti. Sikuwa na punje moja ya kuuza msimu ule, wala uliofuata. Sasa bei ilinivunja moyo kwa lipi?

Idi ya mwaka 2019 nilikwenda kumsalimia mama. Hakunigombeza. Tulipomaliza kula akauliza, "Mwanangu, lile shamba ulikuwa unamlimia nani?" Nikajibu kwamba ni letu sote. Akanyamaza, akaendelea kukusanya vyombo.

Kwenye basi la kurudi mjini nilifungua simu. Nilikuta picha za shamba zaidi ya 40, zote za wiki ile ya kupanda, na zote nimo mimi. Hakuna hata moja ya palizi. Hapo jibu la swali la mama likanijia lenyewe, na liliuma: nilikuwa nawalimia watu. Nilitaka kutajwa pale walipotajwa wenye pikipiki. Nia ya namna hiyo ina nguvu siku ya kuchimba mashimo, maana watazamaji wapo. Siku ya palizi hayupo wa kukutazama.

Ndiyo maana sishauri mtu aliyepoa ajilazimishe au aongeze bidii tu. Nenda kwanza kaitazame nia. Mimi hujiuliza mambo mawili. Kama hakuna atakayejua kwamba nimefanikiwa, bado nalitaka jambo hili? Na lile jambo dogo la kuchosha kuliko yote ndani yake, niko tayari kulifanya kwa ajili ya nani? Jibu la pili likikosa jina la mtu au kitu cha kushikika, jihadhari. "Nataka maisha mazuri" haikuamshi saa kumi alfajiri kupulizia mikorosho salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kabla upepo haujaanza, unga wa njano unakuingia machoni na midomo inawaka.

Wala usidhani nia lazima iwe takatifu. Kutaka pesa si aibu hata kidogo. Swali ni pesa ya nini. Yangu, nilipoichimba vizuri, ilikuwa hii: mikorosho aliyoacha marehemu baba imezeeka na mama anaishi kwa hiyo. Nilitaka ikichoka kabisa, mama akute mingine imesimama. Kwa jambo hilo ekari 5 hazikuhitajika. Nilifyeka 2, zile ninazoweza kuzipalilia mwenyewe kwa likizo zangu, zilizobaki nikamwachia binamu alime mihogo.

Kuna malengo mengine niliyoyauliza hivyohivyo nikayakuta hayana mwenyewe, ikiwamo shahada ya pili niliyoitaka kwa ajili ya cheo tu. Nimeyaacha na sijutii.

Madrasa tulifundishwa kwamba nia ya funga ya Ramadhani huwekwa kila usiku. Ya jana haitoshi kwa kesho. Nikiwa mtoto niliona ni usumbufu. Leo nafanya hivyo kwa shamba: kabla ya palizi, kabla ya salfa, kabla ya kuokota, nakaa peke yangu na kujiuliza upya. Nia huhama bila kuaga. Kuna mwaka niliikuta imesharudi kwa majirani, ikabidi niirudishe nyumbani.

Msimu wa 2021 niliokota korosho za kwanza. Hazikufika nusu gunia, nikaona sina haja ya kuzipeleka kwenye mizani ya chama cha ushirika. Mama alitandaza kiasi juu ya kipande cha bati kilichotobolewa, akakoka moto uani. Mafuta ya maganda yakashika, moshi mweusi ukapanda mpaka juu ya mwembe, akawa anageuza kwa kijiti kirefu huku amegeuzia uso pembeni. Alipozizima kwa mchanga alichukua moja, akaibangua kwa jiwe, akanipa ingali ya moto.