Adui Akidata kwa Shujaa: Maswali Yenu ya Katuni

SWALI: Shikamoo Anko. Juzi nimerudia kuangalia Thor: Ragnarok ya 2017, sa kuna yule jamaa kipara anaitwa Skurge, muvi nzima ni mwoga anajipendekeza kwa Hela, yule mungu wa kifo, halafu mwishoni anatoa mabunduki mawili anaokoa watu anakufa kiume. Mshkaji wangu anadai kwenye vitabu Skurge alikuwa ameoza kwa demu mmoja mchawi na kila kitu kilianzia hapo. Ni kweli au ananipiga fiksi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mshkaji wako yuko sahihi kabisa, na mi naona muvi ilitunyima uhondo wenyewe. Rudi nyuma mpaka Aprili 1964, kitabu cha katuni cha Marvel kinaitwa Journey into Mystery, namba 103, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Thor, mungu wa ngurumo, wakati ule anaishi duniani kama daktari mlemavu anaitwa Donald Blake na kampenda nesi wake, Jane Foster, baba mtu Odin hataki hata kusikia, mkwe binadamu wa kawaida wapi na wapi. Ndo Loki, ndugu wa kulelewa wa Thor mwenye hila, anamtia mzee maneno: mtume Amora, yule mchawi mrembo, akamchanganye kijana amsahau huyo nesi. Amora anashuka mpaka ofisini kwa daktari, anafanya vituko vyake vyote, Jane anawafuma, kasheshe. Lakini Thor mwenyewe wapi, habadiliki.

Sasa Amora kwa hasira anamwita Skurge, jitu la shoka, kazi yake kunyonga watu na kila mtu Asgard, makao ya miungu, anamwogopa. Skurge anakuja mbio manake kwa Amora huyu mtu hana kauli, akiambiwa ruka anaruka. Anampeleka Jane ulimwengu mwingine huko, halafu anamwambia Thor nipe nyundo nikurudishie mwanamke wako. Thor anakubali, Jane anarudi, na Skurge anainama kuchukua ile nyundo... haiinuki ng'o, manake asiyestahili haiinui. Kavimba misuli mpaka shingo, haiinuki. Amora anaona huyu bwege kamrudisha yule nesi kwa bei ya kitu asichoweza hata kukibeba, basi anaanza kumgeuza mti. Unaona kabisa miguu inaota mizizi! Na unajua anamwomba nani msaada? Thor. Yule yule aliyekuja kumpora. Anamwambia chukua nyundo yako kaka, biashara imekufa.

Mi hicho kisa kila nikikisoma nacheka. Maana hebu tazama foleni yenyewe ilivyo: Skurge anamtaka Amora, Amora anamtaka Thor, na Thor anawaza nesi wa Marekani. Wabaya wawili wenye nguvu za kuangusha mji wanahangaika na mtu mmoja ambaye wala hajui kama yuko kwenye mashindano.

Miaka ikapita, Skurge anatumwa hivi anatumwa vile, halipwi hata tabasamu. Ikafika zamani za Walter Simonson, aliyeandika na kuchora Thor miaka ya 80, Skurge anamkuta Amora yuko na Heimdall, mlinzi wa Asgard. Hapo ndo moyo ulikatika. Thor alikuwa anakwenda kuzimu kwa Hela kukomboa roho za binadamu, Skurge akasema na mimi naenda. Kwenye kitabu cha Thor namba 362, ya mwisho wa 1985, wakati wanakimbia, lazima mtu abaki kwenye daraja la Gjallerbru kuzuia jeshi la wafu. Thor anataka abaki yeye. Skurge anamtwanga kichwani anazimia, anasema watu wamenicheka maisha yangu yote, leo nikibaki hapa atakayecheka wa mwisho ni mimi. Akabaki na bunduki zake za M-16. Zile bunduki za kwenye muvi zimetoka hapo, na wenye muvi walifanya vizuri kuzibakiza, ila wameweka daraja lingine na wamemtoa Amora kabisa, kwahiyo ukiangalia unajiuliza huyu jamaa ana stress ya nini.

SWALI: Anko mi ni binti nachora, nipo Morogoro. Nina katuni yangu, adui anataka kuteketeza mji ila amezimika kwa mwanamke mpiganaji anayelinda huo mji. Nimechora kurasa kama nane hivi, nikiwaonyesha wenzangu wanasema mwanzo unachekesha halafu inakuwa kama tamthilia ya kulia lia. Nakosea wapi?

JIBU: Dada yangu nahisi tatizo ni kwamba adui wako akishapenda tu anaacha kazi. Anaanza kuandika mashairi, anakuwa mpole, mji hauko hatarini tena, sasa msomaji acheke nini? Mwache abaki mbaya vile vile. Yaani mapenzi yaingie kwenye ubaya wake. Anateka daraja kwa sababu anajua dada atakuja, na kabla dada hajafika anawauliza vibaraka wake hili joho linanikaa? Kibaraka mmoja anadai mshahara wa mwezi uliopita, mwingine kashikilia bomu mkono umekufa ganzi, bosi bado anajipulizia pafyumu. Dada anafika, anamtwanga ngumi moja tu, na yeye anakwenda chini anafurahi kwamba leo kamgusa shavu. Kesho anapanga uhalifu mkubwa zaidi ili apigwe muda mrefu zaidi.

La pili, huyo mpiganaji asiwe sanamu la kupendwa. Mpe shughuli zake, mpe njaa, mpe ndugu wanaompigia simu katikati ya vita. Thor kwenye kile kisa nilichomwambia mwenzio wa Mwanza anachekesha kwa sababu ana mambo yake mengine kabisa kichwani. Anayependwa akianza na yeye kuona aibu na kuangalia chini kila boksi, umeshaingia kwenye tamthilia.

Halafu kitu kimoja nakuomba, usimpe adui wako limbwata. Najua linavutia maana ni njia ya mkato. Huyo huyo Simonson alilitumia, Lorelei mdogo wake Amora alimnywesha Thor kinywaji cha uchawi akampenda kama kichaa, na ukisoma vizuri haichekeshi, inatisha, Thor sio Thor tena. Kwake lilifaa kwa sababu alitaka litishe. Wewe unataka watu wacheke, basi acha huyo dada awe na akili zake timamu wakati anamkataa, tena amkatae kwa adabu, “asante kwa maua ila weka chini hilo bomu.”

Na punguza maneno. Pale adui anapopigwa na butwaa acha boksi tupu, uso tu na jicho moja linacheza. Nane nyingine ukimaliza nitumie.

SWALI: Sasa Anko. Kuna mtu hapa Nairobi anasema ati Thanos, yule mbaya wa Marvel, aliua nusu ya watu juu ya msichana. Si alikuwa anataka chakula kitoshe?

JIBU: Poa sana. Hiyo ya chakula ni ya muvi ya 2018, Avengers: Infinity War. Kwenye katuni ya The Infinity Gauntlet ya 1991, aliyoiandika Jim Starlin, Thanos anafanya yote ili kumfurahisha Kifo, na Kifo huko ni mwanamke mwenye joho. Anafuta nusu ya viumbe vyote kama zawadi. Anamgeukia aone atasema nini, na hata neno moja hapewi. Akaona dawa ni wivu, akajiumbia mwanamke mwingine, Terraxia, akatembea naye mbele yake. Mtu ana nguvu za Mungu mkononi na bado anatumia mbinu za fom two! Kifo hakushtuka.

SWALI: Ni kweli Thor aliwahi kuwa chura? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndiyo, 1986, Loki ndo alimfanyia. Akajikuta Central Park kule New York kwenye vita vya vyura na panya, na aliingia vitani kweli. Uitafute uisome.