Wachangaji wanaogoma kuandikwa majina

Ndugu yangu wa Arua, unasema wenzako sokoni wanamchangia mgombea lakini hawataki kuandikwa, eti ni kuwaziba mdomo. Hofu yao usiibeze. Muuza dagaa akijulikana alitoa shilingi 5,000 kwa upande usiopendwa, kesho meza yake inaweza kusogezwa kando ya mtaro.

Hata Marekani wamelibishania hilo. Margaret McIntyre wa Ohio alitozwa faini ya dola 100 kwa kugawa vipeperushi visivyo na jina, akipinga kodi ya shule. Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 1995, mwenyewe ameshafariki, maskini. Ila hicho kilikuwa kipeperushi. Kuhusu pesa, mahakama hiyohiyo ilikubali mwaka 1976 wachangiaji watangazwe. Na kwetu Uganda ibara ya 71 ya Katiba inavitaka vyama vieleze fedha zao zimetoka wapi.

Kwa hiyo mwekahazina aandike kila mchango, daftari akae nalo, lisibandikwe ukutani. Anayeogopa asitoe pesa, apige kampeni kwa mdomo. Yule wa bahasha nono asiyetaka jina mrudishieni, yeye hana meza sokoni. Halafu kaulizeni Tume ya Uchaguzi wilayani mgombea anatakiwa kuonyesha nini.