Kosheri Kwenye Vikao vya Kazini: Kwa Nini Niliacha Kuagiza Sahani ya Mtu Mmoja

Kazi ya kupanga chakula cha vikao ofisini kwetu hakuna aliyenikabidhi. Nilijikuta nayo tu, kama mtu anavyojikuta na funguo za stoo kwa sababu siku moja aliombwa azishike mara moja. Kwa muda mrefu haikunisumbua. Nahesabu vichwa, naagiza, kinaletwa, tunakula. Kisha akajiunga nasi mwenzetu mmoja Myahudi anayeshika kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, nami nikajiona mjanja: nitamwagizia chakula kisicho na nyama, mambo yaishe.

Kikaletwa chakula kizuri kweli. Mboga za kuchomwa, wali, jibini limeyeyushwa juu. Alishukuru kwa heshima zote, akasogeza sahani kando, akanywa maji, na baadaye nikamwona anatafuna tufaha alilolitoa kwenye mkoba wake. Nakiri kwamba siku ile nilimwona mtu wa kuchagua-chagua. Ilinichukua wiki nzima kumuuliza.

"Dada, kwani nilikosea wapi?"

"Chakula hukukosea sana," akaniambia. "Ulikosea chungu."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Wengi wetu tukisikia kosheri tunawaza ni mambo ya nguruwe, au tunasema "si ni kama halali tu?" Zinafanana kwa mbali. Zote zinakataa nguruwe na damu, na zote zina utaratibu wa kuchinja. Lakini kosheri ina njia zake. Torati, katika Mambo ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, inaruhusu wanyama wanaocheua na wenye kwato zilizopasuka, kwa hiyo ngamia hayumo. Wa majini ni wale wenye mapezi na magamba tu, kwa hiyo kamba na kaa hawamo. Halafu linakuja jambo ambalo mwislamu hana: nyama na maziwa havikutani. Havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na hata vyombo vyake ni mbali mbali. Asili yake ni ile amri iliyorudiwa mara tatu katika Torati, ya kutompika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake.

Na chungu? Kwa sheria hizi, chombo kilichopikiwa chakula cha moto hubeba kile kilichopikwa. Mboga safi kabisa zikipikwa kwenye sufuria iliyopikia nguruwe jana, zimeshakuwa na mgeni ndani yake. Jibini nalo lina siri: wakati mwingine maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa tumboni mwa ndama. Kwa hiyo sahani yangu "isiyo na nyama" ilikuwa na matatizo juu na chini.

Basi nikaenda upande wa pili kabisa. Nikatafuta mpishi mwenye uthibitisho wa kosheri na kuagiza mlo mmoja, kwa ajili ya mtu mmoja. Bei yake ingelisha watu watatu. Ukafika umefungwa kwa foili, juu yake plastiki, juu yake plastiki nyingine, na stika ya muhuri. Nikauona kama mzigo wa kusafirishwa kwa meli. Nikasema huyu dada hawezi kula kwenye makaratasi kama mgonjwa, wakati wenzake wana sahani. Nikafungua vyote, nikapasha moto kwenye maikrowevu ya jikoni kwetu, nikapakua kwenye sahani ya ofisi na kupamba kwa jani la kotimiri.

Msomaji, umeshajua kilichotokea. Ile karatasi mara mbili na ule muhuri ndivyo vilivyokuwa vinaruhusu chakula chake kiingie kwenye maikrowevu yetu bila kuguswa na mabaki ya vyakula vyetu. Mimi nimelipa bei ya watu watatu kununua kosheri, kisha nikaiondoa kwa mikono yangu mwenyewe. Alikula tufaha tena. Ukiagiza mlo uliofungwa, usiufungue: upashe ulivyo, mpe na muhuri wake, na uma wa kwenye kasha lake. Afungue mwenyewe.

Baada ya mikosi hiyo miwili ndipo tukakaa chini kuzungumza, na ushauri wangu wote umetoka kwenye mazungumzo yale. Nilimuuliza kwa nini mlo wake ni ghali hivyo. Nilidhani ni jina la dini linalouzwa. Kumbe gharama kubwa iko kwenye nyama na usimamizi. Anayechinja lazima awe amesomea, na mnyama akikutwa na kasoro fulani za ndani, hasa kwenye mapafu, anakataliwa hata baada ya kuchinjwa. Nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi na kukaa saa nzima ili damu itoke, kisha inasuuzwa mara tatu. Halafu kuna kisa cha Yakobo kushindana mweleka usiku kucha na kuteguka nyonga, katika Mwanzo 32. Kwa sababu yake ule mshipa wa pajani hauliwi, na kuuondoa pamoja na mafuta yake ni kazi ya fundi. Mahali pengi wachinjaji huona bora kuuza sehemu yote ya nyuma ya ng'ombe kwa wateja wengine. Ongeza mshahara wa msimamizi anayekaa jikoni, na usafiri wa sahani moja peke yake, utaelewa ile hesabu.

Sasa toa nyama. Karibu vyote hivyo vinaondoka. Na hapo ndipo nilipoona kwamba mambo matatu niliyokuwa nayachukulia kama mizigo mitatu, yaani kosheri, bajeti na kupunguza taka, yanavuta upande mmoja. Tukaacha kuagiza sahani ya mtu mmoja. Tukabadilisha meza nzima, iwe na vitu ambavyo ni kosheri tangu vilipotoka shambani, au vilivyofungwa kiwandani na kuwekwa alama, na kila mtu ale hivyo hivyo.

Neno la kujua hapa ni pareve. Ni chakula kisicho cha nyama wala cha maziwa: matunda, mboga, nafaka, kunde, mayai, samaki wa magamba. Pareve huenda na kila kitu (ingawa samaki na nyama hawawekwi sahani moja, lakini nyama si tumeshaitoa?). Mtu aliyekula nyama nyumbani mchana anaweza kula pareve kwenye kikao cha saa tisa bila kuhesabu saa. Na huwa wanahesabu: jamii nyingi husubiri saa 6 kati ya nyama na maziwa, wengine saa 3, wenye asili ya Uholanzi saa 1. Ndiyo maana kahawa ya maziwa unayompa kwa ukarimu anaweza kuikataa leo na kuipokea kesho. Mpe ya rangi, na maziwa yakae kando.

Anza na matunda mazima. Ndizi, chungwa, embe, parachichi: ganda lake ndilo kifungashio, halihitaji muhuri wa mtu yeyote, nalo linaoza likarudi udongoni. Yakikatwa yanapendeza zaidi, na kukata kunaruhusiwa, ila kuna kisu cha kuangalia. Matunda baridi kwa kisu safi, hasa kipya kilichotengwa, hayana shida. Vitu vikali kama vitunguu, kitunguu saumu na limau vina hukumu nyingine, kwa sababu ukali wake unasemekana kuvuta ladha iliyokwama kwenye makali ya kisu, hata bila moto. Tulinunua kisu kimoja na ubao mmoja, tukauandika kwa kalamu ya wino mzito: MATUNDA TU. Mboga za majani tuliziacha, maana zinakaguliwa jani kwa jani wasije wakaliwa wadudu, na mimi sina macho hayo.

Kisha vyakula vya kopo na vya paketi: samaki wa kopo, rojo la dengu na ufuta, karanga na korosho mbichi, biskuti kavu, mkate. Hapa soma alama. Inayojulikana zaidi duniani ni herufi U ndani ya duara, ya Orthodox Union ya Marekani. Kuna pia K ndani ya duara, K ndani ya nyota, na nyingine nyingi. K iliyosimama peke yake usiiamini haraka. Herufi ya alfabeti haiwezi kumilikiwa kama nembo, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuichapa. Ukiona D pembeni ya alama, kuna maziwa au mtambo wa maziwa. P ilinidanganya kabisa, nikanunua katoni nzima nikifurahi kwamba ni pareve. P ni ya Pasaka ya Kiyahudi. Pareve huandikwa neno zima, au alama ikaachwa peke yake.

Na usimwamini aliyeandika "haina maziwa" kwenye unga mweupe wa kahawa: mara nyingi mna kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Peremende zenye jelatini, vitu vyekundu vyenye rangi ya E120 inayotokana na wadudu, juisi ya zabibu na divai, vyote hivyo vinataka alama au viachwe dukani.

Kosa la watu waungwana kama mimi ni kumimina. Unanunua korosho zenye alama, unazimimina kwenye bakuli zuri, paketi unaitupa, na papo hapo umetupa ushahidi. Yeye ataona bakuli la korosho zisizo na baba wala mama. Acha paketi mezani au ibandike ukutani. Inaonekana ushamba, lakini anayeshika kosheri akiona paketi yake anapumua. Nasi tulinunua paketi kubwa badala ya vile vijipaketi vya mtu mmoja mmoja, gharama ikashuka na ndoo ya taka ikapungua. Hakuna paketi ya korosho inayolazimika kuwa ya mdomo mmoja ili iwe kosheri.

Vyombo ndivyo vilivyotupa kazi. Njia rahisi ni sahani za kutupa, na ndizo wengi hutumia, kwa kuwa chombo kipya hakijabeba kitu. Lakini kila kikao tulikuwa tunajaza mfuko. Tulijaribu za makapi ya miwa, zinazooza, kisha tukagundua kwamba hakuna anayezipeleka mahali pa kuozea, kwa hiyo zilikuwa zinafukiwa pamoja na plastiki. Mwishowe tulinunua sahani mpya za kioo na uma zake, za vyakula baridi vya pareve tu, tukazifungia kwenye sanduku lenye kufuli. Zinaoshwa kwenye beseni lake, kwa sponji yake, hazilazwi kwenye sinki la wote. Yeye aliridhika. Wako huenda asiridhike, na usibishane naye kwa kunukuu makala hii: kila jamii ina rabi wake na desturi zake. Muulize faraghani kabla ya kununua chochote, si mbele ya kikao huku watu wanamtazama.

Siku moja tulitaka kitu cha moto. Tukafunga viazi kwa foili mara mbili, kila kimoja, na kumwita yeye awashe oveni kwa mkono wake, kwa sababu kuna sheria nyingine kuhusu chakula kilichopikwa na asiye Myahudi, na kwa desturi ya jamii yake kuwasha moto kunatosha. Akaja, akabonyeza kitufe, akarudi kwenye meza yake. Viazi vilikuwa vitamu. Lakini ile foili yote! Hatukurudia.

Kuhusu mabaki, yeye ndiye aliyenifungua macho. Alinikuta namwaga nusu ya mikate kwenye ndoo, akaniambia kwao kuharibu ni kosa. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi linalozingira mji kukata miti ya matunda, na wanazuoni wao wakaipanua amri hiyo hadi kwenye kila uharibifu usio na sababu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na karibu tani milioni 290 kati ya hizo zilitoka kwa watoa huduma za chakula, kundi ambalo linapikia na vikao kama vyetu. Tangu hapo naagiza pungufu ya idadi ya waliothibitisha, kwa sababu daima kuna wawili watatu wasiotokea. Vitu vizima na vilivyofungwa vina uzuri huo pia: kisicholiwa leo hakijaharibika, kinarudi kabatini.

Kalenda iangalie mapema. Ijumaa jioni Sabato inaingia jua likizama, kwa hiyo kikao cha Ijumaa alasiri kina mtu anayetazama dirisha. Siku ya Upatanisho anafunga, na hayupo kazini hata hivyo. Wiki ya Pasaka, siku 7 Israeli na 8 kwingine, mkate na biskuti haviliwi kabisa, na wengine huacha hata kunde na mchele. Wiki hiyo sisi tunaweka matunda mazima na maji, vikao vinakuwa vifupi, na sijasikia aliyelalamika.

Wiki iliyopita nilikuta ule ubao wa MATUNDA TU umelala kwenye sinki, unanuka vitunguu. Sikuuliza ni nani. Nimenunua mwingine, na huu unakaa ndani ya sanduku, chini ya kufuli.