Mfuko Ulikuwa Angavu Nilipousaini

Juzi usiku mfamasia mmoja aliye mafunzoni aliniandikia: "Kaka, kwenye lishe ya mshipani, kalsiamu na fosfati kipi kinatangulia?" Nilimjibu kwa mstari mmoja: fosfati mapema, kalsiamu mwishoni, na katikati yake utikise mfuko. Kisha usingizi ukanipaa, maana jibu hilo nililipata kwa aibu.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, peke yangu katika chumba cha kuchanganyia, na mifuko sita ya watoto njiti ikinisubiri. Kalsiamu na fosfati zikikutana zikiwa nzito hugandana kuwa chembe ngumu, kwa hiyo hesabu nilipiga. Niligawa kalsiamu na fosfati kwa ujazo kamili wa mfuko, zikaonekana salama. Lakini nilipozitia, maji yalikuwa bado hayajaingia na mfuko ulikuwa nusu tu, kwa hiyo zilikutana zikiwa nzito karibu maradufu ya nilivyoandika kwenye karatasi. Nikajaza maji, nikauinua mfuko kwenye taa, ukaonekana angavu. Nikasaini.

Alasiri sista wa wodi akapiga simu. "Dokta, njoo uuone mfuko wako." Nilikuta chengachenga nyeupe kama chokaa ndani ya mpira wa dripu. Alikuwa ameshaifunga. Mtoto alisalimika, namshukuru Mungu na macho ya yule sista.

Kwenye kikao mkubwa wangu aliniuliza mbele ya wote, "Mfamasia gani hajui chokaa?" Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mmoja anaandaa mifuko sita. Neno lile bado linaniuma.

Baadaye nilielewa vizuri zaidi kilichotokea. Chumba changu kilikuwa na kiyoyozi, chumba cha njiti kina joto, na joto huifanya kalsiamu glukoneti, aina ya kalsiamu ya kuchanganyia, iachie kalsiamu nyingi zaidi, tayari kuishika fosfati. Ndiyo maana mfuko unaweza kutoka kwako safi ukaharibikia wodini. Mwaka 1994 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili kufa. Mashapo ya kalsiamu na fosfati yalikutwa kwenye mishipa midogo ya mapafu. Mifuko ile ilikuwa na mafuta, na weupe wa mafuta huficha kila kitu.

Basi ndugu zangu, msiamini macho peke yake. Pigeni hesabu kwa ujazo uliopo mfukoni wakati kalsiamu inaingia. Tumieni kalsiamu ya glukoneti, si ya kloridi. Gliserofosfati, aina nyingine ya fosfati, ikipatikana, idaini hata kama bohari wananung'unika, maana hiyo haigandi ovyo na kalsiamu. Matundu ya chujio la dripu yawe ya maikroni 1.2 kwa mfuko wenye mafuta, 0.22 kwa usio nayo. Na antibiotiki ya seftriaksoni isimkaribie mtoto mchanga anayepata kalsiamu mshipani, hata kwa mpira mwingine. Nasema tena: hesabu kwanza, macho baadaye. Mtu anayechanganya dawa ya mtoto wa kilo moja hana ruhusa ya kuwa na haraka, hata simu ilie mara kumi. Mimi niliipokea ile simu.

Asubuhi kijana alinijibu kwamba kwao chujio zimeisha tangu mwezi uliopita. Nimemwambia aandike hivyo kwenye fomu ya oda, asaini, na ampelekee daktari anayeagiza naye asaini chini yake kabla mfuko haujatoka.