Kijiji kinageuka mji: tengeni makaburi na njia kwanza, viwanja baadaye

Mkuu, umeuliza kijiji chenu cha watu kama 6,000, kando ya lami, kianzie wapi kupanga ardhi wakati kila mwenye shamba ameshaanza kukata viwanja. Nimekaa miaka sita kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji chetu, mkoani Morogoro. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya ramani, pigeni hesabu. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61.7, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, watu wenu 6,000 watapita 11,000 ndani ya miaka 20. Kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, mnatafuta mahali pa kaya mpya 1,200 hivi. Kila kaya ikipata mita 20 kwa 30, hizo ni karibu ekari 180 za viwanja vitupu, barabara na shule bado. Sisi hatukuipiga hesabu hii. Tulitenga ekari 60 tukaona tumemaliza. Zilijaa mwaka wa saba, watu wakaanza kujenga bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na sasa kila masika wanahama.

Lakini kilichotuumiza kuliko vyote ni makaburi. Tulikuwa na ekari moja. Niliposimama mkutanoni kuomba ziongezwe tatu, mzee mmoja akauliza kama nawaombea watu vifo. Watu wakaguna, nikakaa chini, na hadi leo najuta kukaa. Ekari ile imejaa, watu wanazika nyuma ya nyumba. Baadaye watoto wanauza kiwanja, na mnunuzi anazungusha ukuta. Nimeona ndugu wakizuiwa mlangoni wakati wamekuja kusoma dua ya arobaini ya baba yao. Hakuna ramani wala hati itakayotibu jambo kama lile. Tengeni eneo la kuzikia sasa, mbali na visima, wakati ardhi bado ipo.

Njia nayo. Kila muuzaji aliacha upenyo wa kupita mtu na baiskeli, akaona ametenda haki. Mama mmoja aliposhikwa na uchungu usiku, bajaji ilikwama nyumba ya nne kutoka barabarani, tukambeba kwa kitanda cha kamba. Mapito ya ng'ombe kwenda mtoni yalizibwa vivyo hivyo, mifugo ikaingia kwenye mahindi, na wakulima na wafugaji waliokuwa wakisalimiana wakashikiana mapanga. Pimeni njia na mapito kabla mtu wa kwanza hajamwaga mchanga, mkaweke bikoni, yaani alama za mipaka, zinazoonekana. Mkichelewa mtahitaji fidia, na kijiji hakina fedha hizo.

Kilichotuokoa kidogo ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Kwa kifungu hicho tulizuia malisho yasiuzwe, baada ya mwenyekiti na wajumbe wachache kuwa wamekwisha kukubaliana na mnunuzi. Someni sheria hiyo kwa sauti mkutanoni, na muhtasari uandikwe. Na wakina mama wasikose: kwetu wao ndio waliotuonyesha chemchemi mbili ambazo wapimaji walikuwa wamezichorea viwanja juu yake.

Kwa kuwa mnaelekea kuwa mji mdogo, andikeni barua halmashauri ya wilaya mapema mpate afisa mipango miji wa kukaa nanyi. Mpango wa kijiji hupanga makazi, mashamba, malisho na misitu. Mitaa na viwanja vya mji vinahitaji mchoro wake.

Una idadi ya kaya kwa kila kitongoji? Iweke hapa tuangalie pamoja ni upande gani utajaa kwanza.