Ukienda kununua dawa za H. pylori, taja dawa yako ya kolesteroli

Mwezi wa 8 mwaka jana niliamka nikashindwa na ngazi. Naishi Umoja, ghorofa ya 4, na ngazi hizo nimezishuka miaka 11 nikiwa na marobota ya vitambaa begani. Asubuhi hiyo mapaja yaliuma kama ya mtu aliyelima ekari nzima jana yake. Nilishuka nimeushika ukuta, mguu mmoja, kisha wa pili kwenye kidato hichohicho, mpaka chini.

Sikuwa nimelima. Nilikuwa nameza dawa za H. pylori. Hapa Nairobi ni nadra kukuta nyumba ambayo hamna mtu aliyewahi kuambiwa ana vijidudu hivyo vya tumbo. Kiungulia kilikuwa kimenisumbua wiki tatu, nikapimwa, nikaambiwa ninavyo, nikaingia duka la dawa karibu na steji. Kijana wa kaunta akanipa pakiti ya siku 14: klarithromisini, amoksilini na dawa ya kupunguza asidi. "Mama, asubuhi na jioni, usiruke hata siku moja." Hakuniuliza kama kuna dawa nyingine ninayokunywa, nami sikusema. Na nyumbani, kando ya kitanda, nilikuwa na simvastatini ya miligramu 40 ninayomeza kila usiku kwa ajili ya kolesteroli.

Ilikuwa siku ya 9. Binti yangu akanipeleka kliniki, na daktari, mama wa makamo, hakuanza na mapaja. Alisema, "Mama, nitolee dawa zote ulizo nazo." Nilizimwaga mezani. Akaokota mbili, akaziweka mbele yangu, moja kulia na moja kushoto. "Hizi hazikai zizi moja."

Simvastatini huvunjwa na kimeng'enya kilichomo kwenye ini na kuta za utumbo. Klarithromisini hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Kidonge cha jana kinabaki kwenye damu, cha leo kinaongezeka juu yake, na wanaoumia ni misuli. Hali ikizidi, misuli hubomoka, mabaki yake huingia kwenye damu na kuziharibu figo. Ukiona mkojo una rangi ya strungi, usingoje kesho. Wangu haukuwa umefika huko, lakini kipimo cha damu cha kuangalia misuli kilikuwa juu sana. Simvastatini ikasimamishwa siku hiyohiyo, za tumbo nikazimaliza chini ya uangalizi wake. Ilichukua wiki tatu kabla sijapanda ngazi bila kushika ukuta.

Erithromisini, antibiotiki ya jamii moja na klarithromisini, nayo ni hivyohivyo. Hata balungi hukigusa kimeng'enya hicho, ndiyo maana wanaokunywa simvastatini huonywa wasilile. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huharakisha dawa kuvunjwa, ikakosa nguvu. Kwa hiyo tafadhali, usiikatize dawa yako ya kolesteroli kwa kusoma kisa changu. Muulize aliyekuandikia. Wengi watakwambia uipumzishe kwa siku chache za antibiotiki, au wabadilishe antibiotiki yenyewe.

Kuna jambo jingine alilonieleza ambalo sikuwahi kulisikia, nami nimelisoma sana tangu hapo. Nilikuwa nimepanga kupima kolesteroli wiki ileile, nione kama dawa inasaidia. Akakataa.

Njia kubwa ya kolesteroli kutoka mwilini ni nyongo. Ini huichukua kolesteroli, likaigeuza asidi za nyongo, na asidi hizo humwagwa kwenye utumbo kusaidia kuyeyusha mafuta. Karibu asilimia 95 hufyonzwa tena na kurudi kwenye ini. Chache zinazopotea na choo, ini hulazimika kuzitengeneza upya, na malighafi yake ni kolesteroli. Katikati ya safari hiyo wamo bakteria wa utumbo. Wao huzibadilisha asidi za nyongo kuwa za aina nyingine, na aina hizo hulipelekea ini habari ya kiasi cha kutengeneza. Wapo pia wanaoigeuza kolesteroli yenyewe kuwa koprostanoli, ambayo mwili hauifyonzi vizuri, basi inatoka na choo. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba watu wenye bakteria hao wana kolesteroli ya chini kidogo kwenye damu.

Sasa fikiria antibiotiki mbili kwa pamoja siku 14. Haziji kwa H. pylori peke yake. Zinawafagia na hawa, na baadhi huchukua miezi kurudi. Lakini msidhani kwa sababu hiyo kwamba antibiotiki zote hupandisha kolesteroli. Neomisini huishusha ikimezwa, na madaktari waliliona hilo tangu miaka ya 1950, ila inadhuru masikio na figo, kwa hiyo si dawa ya mtu kumeza kila siku. Mwili ukiwa unapambana na ugonjwa, kipimo cha kolesteroli nacho huyumba. Ndiyo sababu nilipewa tarehe ya miezi miwili mbele.

Miezi hiyo nilirudia chakula cha mama yangu: githeri, ndengu, sukuma wiki, maziwa lala. Nyuzinyuzi za maharagwe hushika asidi za nyongo na kutoka nazo, tena ni chakula cha bakteria wenyewe. Kuhusu maziwa lala, mwaka 1974 George Mann na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege tuliyemwita Mama Daktari, waliandika kwamba kolesteroli ya vijana wa Kimaasai ilishuka walipokunywa maziwa yaliyochachuka kwa wingi. Mimi nakunywa glasi moja jioni, na tumbo limetulia.

Simvastatini nilirudishiwa, miligramu 20. Nyuma ya kava la simu nimeweka kikaratasi chenye jina la dawa hiyo na kipimo chake. Mwezi wa 2 jino lilivimba, nikakiweka mezani kwa daktari wa meno kabla sijafungua mdomo. Alikuwa ameshaanza kuandika erithromisini. Akakisoma, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika amoksilini.