Kuvuka Alps kwa baiskeli kwenye barabara ya Warumi: hesabu milima, usihesabu kilomita

Nimekulia Lushoto. Wanaume waliokuwa wakisukuma baiskeli zilizosheheni kabichi kwenda Soni hawakuulizana kutoka hapa mpaka kule ni kilomita ngapi. Waliulizana: kuna milima mingapi? Swali hilo nimelisikia tangu utoto, lakini nilipopanga kuvuka Alps, milima mirefu ya Ulaya, kwa baiskeli nililisahau kabisa. Nilitandaza ramani mezani kwangu Augsburg, kusini mwa Ujerumani, nikaigawa njia vipande vya kilomita 80 kwa siku, nikaona kazi imekwisha. Siku ya tatu ilinionyesha kosa langu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaoishi huku Ulaya, wenye baiskeli ya kawaida na likizo ya siku kumi, mnaodhani milima ile ni ya wanamichezo tu. Inavukika. Nina miaka arobaini na saba, sijawahi kushindana mbio za aina yoyote, na nimeivuka nikiwa na mizigo. Ila ipangeni tofauti na nilivyoipanga mimi.

Njia yenyewe inaitwa Via Claudia Augusta. Drusus, jemadari wa Kirumi, aliifungua mwaka 15 kabla ya Kristo alipokuwa vitani katika Alps. Mwanawe, Kaisari Claudius, akaijenga iwe barabara kamili mwaka 46 na 47 baada ya Kristo. Habari hizi zimechongwa kwenye mawe mawili ya maili. Moja, lililopatikana Rabland karibu na mji wa Meran, linasema barabara inatoka Mto Po hadi Mto Danube, maili 350 za Kirumi, yaani kama kilomita 520. La pili, la Cesiomaggiore, linataja mwanzo mwingine: Altino, jirani na Venice. Ndiyo maana mpaka leo njia ya baiskeli ikianzia Donauwörth, Ujerumani, inakwenda pamoja hadi Trento, Italia, kisha inagawanyika, tawi moja likishuka kuelekea Verona na Ostiglia, jingine likipita bonde la Valsugana kwenda Altino.

Kwa nini nawasukuma kuchagua njia ya kale badala ya nyingine yoyote? Kwa sababu waliokuwa wakiitumia walibeba mizigo. Askari na chakula chake, mfanyabiashara na bidhaa zake, mnyama na mkokoteni wake. Mtu mwenye mzigo hatafuti kilele, anatafuta pale mlima ulipolegea. Sehemu ya juu kabisa ya njia hii ni Reschen, mita 1,507 tu, ilhali Mlima Ortler unaouona mbele yako ukianza kuteremka upande wa Italia una mita 3,905. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400. Kwa hiyo nilipofika juu ya Alps nilikuwa juu kidogo tu ya nyumbani, na hilo lilinipa nguvu ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Nilisafiri na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini na mbili anayesoma huku. Tuliondoka Augsburg mwanzoni mwa Septemba. Siku mbili za mwanzo zilikuwa nyepesi, tukiufuata Mto Lech kwenda juu. Pale Epfach simameni kidogo. Ni kijiji tu sasa, lakini zamani za Warumi kiliitwa Abodiacum, na mmoja wa watu wake, Claudius Paternus Clementianus, alipanda vyeo hadi akawa mtumishi wa Kaisari huko Yudea, Sardinia na jimbo la Afrika, yaani sehemu za Tunisia ya leo. Mtu wa kijiji hiki alipelekwa kufanya kazi katika bara letu, nami nimetoka bara letu kuja kufanya kazi jirani na kijiji chake. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kabla ya Füssen unapita kando ya ziwa la Forggensee, ambalo ni bwawa la kutengenezwa. Kiangazi huwa limejaa, na watu wanapiga picha maji na milima. Mimi nililijua kwa sura nyingine, kwa sababu wakati wa baridi hupunguzwa maji, na mahali maji yanapoondoka alama ya barabara ya Warumi huonekana kwenye tope. Ukiishi karibu, nenda Machi kwa miguu ukaione, kisha urudi na baiskeli wakati wa joto.

Sasa hiyo siku ya tatu. Tulilala Lermoos, upande wa Austria, ambako kwenye kinamasi wataalamu walifukua barabara ya magogo, na pete za miti zikathibitisha kuwa ilikatwa mwaka 46. Mpango wangu ulisema asubuhi tuvuke Fernpass, mahali pa kupita kati ya milima, jioni tulale Pfunds, kama kilomita 85. Fernpass ina mita 1,216 tu na Lermoos yenyewe iko karibu mita 1,000, kwa hiyo nilidhani ni kilima cha kupasha misuli. Lakini magari yana barabara yao, na baiskeli inapita msituni kwenye njia ya mawe na mizizi. Kuna mahali bado unaziona alama za magurudumu ya mikokoteni zilizochimbika kwenye mwamba. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kupanda tulisukuma. Kushuka ndiko kulikonitia hofu.

"Shangazi, breki hazikamati!" Nilisikia sauti yake nyuma yangu, kisha akapita pembeni yangu miguu yake ikiburuza chini. Alijitupa upande wa mlima, akachubuka goti na kiwiko, akasimama. Upande wa pili kulikuwa na korongo. Baiskeli aliyokuwa nayo niliikodi mimi, na nilipoambiwa imekaguliwa niliamini bila kuangalia. Raba za breki za nyuma zilikuwa zimeisha kabisa, chuma kinasaga rimu. Tulitembea kwa miguu karibu mteremko wote, na jioni tukafika Imst tukiwa tumetetemeka kwa baridi. Kilomita thelathini na kitu, siku nzima.

Basi usikilize ushauri wangu wa kwanza, na huu nausema kwa uzito wote. Kabla ya kuondoka, pindua baiskeli chini juu mwenyewe, tazama raba za breki mbele na nyuma, na beba pea mbili za akiba. Ni nyepesi kuliko soksi. Bora ubebe tyubu moja badala ya mbili kuliko kukosa raba, kwa sababu pancha itakusimamisha, lakini breki zisiposhika hutasimama. Mvua ikinyesha kwenye mteremko mrefu, zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Na kwa Fernpass kuna mabasi yanayobeba baiskeli na kukushusha ng'ambo. Kijana wangu alilikataa basi kwa sababu aliona ni kama kudanganya. Mimi nasema asiyezoea njia za mawe alipande bila aibu yoyote, hasa siku ya mvua.

Tulipokuwa tukisubiri fundi pale Imst, nilichukua karatasi upya. Safari hii sikuandika kilomita. Niliandika kila siku inapanda mita ngapi, inapandia wapi, na njia ni lami au mawe. Siku sita zikawa tisa. Imst mpaka Landeck siku moja, Landeck mpaka Pfunds nyingine, fupi kabisa, ili asubuhi ya kupanda Reschen miguu iwe mipya. Kama mnaiga kitu kimoja kutoka kwangu, igeni hiyo siku fupi kabla ya mlima mkubwa.

Kutoka Pfunds usifuate barabara kuu ya magari kwenda Nauders. Ni nyembamba na yenye magari mengi. Fuata Mto Inn hadi Martina, ambako unaingia Uswisi kwa muda mfupi tu. Hapo zima data ya simu, maana Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya na laini nyingi za Ujerumani au Austria zinaweza kukutoza pesa nyingi. Kisha unapanda hadi Norbertshöhe, mita 1,405. Ni kona kumi na moja za lami safi, kupanda ni kwa utaratibu, na kila kona inakupa mahali pa kupumua. Nilizihesabu kwa sauti. Tulianza saa moja na nusu asubuhi, jua bado halijafika upande ule, na saa nne kasoro tulikuwa juu. Gia ndogo kabisa, kiti kisiwe chini mno, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Hakuna siri nyingine.

Baada ya Reschen unafika Graun, na hapa ningewaomba mlale. Kutoka ziwani unachomoza mnara wa kanisa, peke yake, wa karne ya 14. Picha zake ziko kila mahali na watu wanauona kama pambo. Lakini chini ya yale maji kulikuwa na kijiji. Mwaka 1950 bwawa la umeme lilipojazwa, nyumba zaidi ya 150 zilibomolewa na mashamba yakazama, na wenye kijiji hawakuwa na sauti katika uamuzi ule. Wengi wao walikuwa wasemaji wa Kijerumani ndani ya Italia, na Italia ilikuwa imelipata jimbo hilo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tulikaa ukingoni hadi giza. Kijana aliniuliza, "Shangazi, makaburi yao je?" Sikuwa na jibu. Ukifika pale soma kwanza habari zake, ndipo upige picha.

Asubuhi ya pili ni zawadi. Kutoka Graun hadi Meran ni kama kilomita 75, na unashuka kutoka mita 1,500 hadi mita 325. Njia ya baiskeli ni safi, inapita Glurns, mji mdogo ambao kuta zake za kale bado zimeuzunguka wote, kisha inaingia kwenye mashamba ya tufaha yasiyokwisha. Septemba ni wakati wa kuvuna. Breki mpya zilifanya kazi yake.

Kuhusu chakula, kwa sisi Waislamu kuna neno moja la kukariri: Speck. Ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na katika maeneo haya haikai kwenye sahani ya nyama tu. Inawekwa ndani ya madonge ya mkate yanayoitwa Knödel, kwenye supu, hata juu ya saladi. Madonge ya jibini au ya mchicha yapo karibu kila mahali, na yanashibisha, lakini uliza kabla hujaagiza. Jikoni nyingi hufungwa mchana, tangu saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili maduka mengi ya Ujerumani na Austria hayafunguliwi. Jumamosi jioni nunua mkate, jibini, ndizi. Maji ya mabomba ya vijijini ni matamu. Kama yameandikwa "Kein Trinkwasser", usinywe. Na msalimie kila mtu njiani, "Grüß Gott" kule Bavaria na Tirol. Watu wa milimani wanasalimiana, kama kwetu.

Bebeni pasipoti na kibali cha ukaazi vyenyewe, siyo picha kwenye simu. Njia inapita nchi nne na ukaguzi huweza kutokea. Mgeni anayekuja kwa viza ya Schengen aulize pia kama bima yake inalipia kuokolewa mlimani. Namba ya dharura ni 112 kote njiani.

Baada ya Bolzano njia ni tambarare kufuata Mto Adige, na hapo nilirudia kosa lile lile kwa sura nyingine. Nilidhani tambarare ni rahisi. Mchana unaanza upepo unaoitwa Ora, unatoka kusini upande wa Ziwa Garda, unakupiga usoni moja kwa moja. Tulikanyaga kilomita ishirini za mwisho kabla ya Trento kana kwamba tunapanda Norbertshöhe mara ya pili. Upepo nao ni mlima. Uandike kwenye karatasi yako. Ondoka alfajiri, ufike kabla ya saa saba mchana.

Kurudi ni kwa treni kupitia Brenner hadi Munich. Nafasi za baiskeli kwenye treni hizo ni chache na lazima ziwekwe mapema. Sisi tulikuwa na tiketi za siku ya sita, zikapotea, na tuliposhika nafasi nyingine tulilala Trento usiku mmoja zaidi. Nunueni tiketi inayobadilishika hata ikizidi bei kidogo.

Tawi la Valsugana hadi Altino limetusubiri. Inshallah Mei mwakani tutaanzia pale pale Trento tulipoishia. Kijana ameshanunua baiskeli yake mwenyewe, ipo kwenye chumba changu cha chini, na Jumapili iliyopita alinipigia simu kuuliza raba zake za breki ni saizi gani.